Multimita mpya ilikuwa inarusha namba: tatizo lilikuwa kwenye plagi za waya

Hatimaye multimita yangu mpya (kifaa cha kupimia umeme) inapima sawasawa, naandika ili mwingine asihangaike. Ilipotoka kwenye boksi iliwaka vizuri, lakini nikiiweka kwenye ohmu (kipimo cha ukinzani) na kugusanisha ncha za waya, badala ya namba iliyo karibu na sifuri kioo kinaonyesha OL, yaani kana kwamba waya hazijaungana, au namba zinarukaruka. Nilibadilisha betri, nikakagua fyuzi, nikasugua ncha. Wapi!

Kilichosaidia ni kuchomoa waya na kutazama plagi zake kwa karibu, kwenye mwanga. Kila pini ya chuma ilikuwa imevishwa kifuniko chembamba cha plastiki angavu, cha kuilinda safarini. Kimebana hasa, na plagi huingia nacho kiasi cha kudhani imefika mwisho. Nilivivuta vyote kwa koleo ndogo, nikachomeka waya mweusi kwenye COM na mwekundu kwenye tundu la V na Ω, nikasukuma hadi ukingo wa plagi ukalala juu ya kasha bila mwanya. Nikagusanisha ncha: ohmu 0.2, imetulia tuli. Betri mpya ya voliti 1.5 ikasoma 1.58.

Jamani, gusanisheni ncha kwanza kabla ya kupima umeme wa ukutani. Waya usioshika unaweza kuwasomea sifuri kwenye nyaya zenye moto.