Mashindano Yaliyochukua Nafasi ya Kuua Simba

Katika hotuba nyingi za kufungua mashindano husemwa kwamba michezo hujenga amani, hukuza umoja na huwaepusha vijana na maovu. Nimeyasikia maneno hayo tangu nikiwa mwanafunzi, na sina haja ya kuyapinga. Ninachokikosa ndani yake ni maelezo ya namna jambo hilo linavyotendeka. Kijana akikimbia na kushinda, ni kitu gani hasa hubadilika katika mawazo yake, ya wazazi wake na ya wazee wanaoamua mambo ya jamii? Mfano ulionisaidia kupata jibu unatoka katika nyanda za Amboseli, kusini mwa Kenya, mbele ya Mlima Kilimanjaro. Huko, tangu Desemba 2012, morani, yaani vijana wapiganaji wa Kimaasai, hukutana Kimana kushindana kwa mbio, mikuki, rungu na kuruka, katika mashindano yanayojulikana kama Olimpiki ya Wamaasai.

Asili ya mashindano hayo ni simba. Kwa vizazi vingi, morani aliyetangulia kumchoma simba mkuki alirudi nyumbani akiwa na hadhi mpya: alipewa jina la sifa, wasichana walimwimbia, na manyoya ya shingo ya simba yule yakawa vazi la kichwani la sherehe. Uwindaji huo, unaoitwa olamayio, haukuwa ukatili wa bure. Jamii ya wafugaji, ambayo usiku hutenganishwa na wanyama wakali kwa boma la miiba tu, inahitaji vijana wasiokimbia hatari, na hiyo ndiyo njia iliyokuwapo ya kuwapima. Tena kulikuwa na sababu ya pili ya kumwua simba, nayo ni kisasi, kwa kuwa anayeua ng'ombe wa Mmaasai ameharibu mali, mahari na heshima ya familia kwa mara moja.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini sheria iliyoandikwa Nairobi haikuwa na cha kumpa kijana badala ya ile heshima iliyomkataza kuitafuta. Simba waliendelea kuuawa, kwa mikuki na hata kwa sumu iliyopakwa kwenye mizoga. Mwaka 2003 ulianzishwa katika ranchi ya jamii ya Mbirikani, yaani ardhi ya malisho inayomilikiwa kwa pamoja, mfuko wa kuwafidia wafugaji mifugo iliyoliwa na wanyama wakali, na miaka michache baadaye morani wenyewe wakaanza kuajiriwa kufuata nyayo za simba na kuwaonya wachungaji mahali pa kuepuka. Hatua hizo zilipunguza hasira ya mwenye ng'ombe. Hazikuweza, hata hivyo, kugusa ile sababu ya kwanza, kwa sababu fidia humlipa mzee mwenye mifugo, wala haimpi morani jina.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia wazee wa Kimaasai. Kila rika la morani huwa na walezi wake wa kimila, wanaume waliokwisha kupita umri huo, ambao kazi yao ni kuwafundisha vijana mwenendo unaofaa. Walezi hao waliona kwamba simba wakiisha na vijana wakiendelea kufungwa jela, mila yenyewe itakufa bila kuacha chochote. Wakaomba msaada wa shirika la uhifadhi la Big Life, na katika mazungumzo hayo likazaliwa wazo la kumwekea morani uwanja mwingine wa kuonyesha ushujaa. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu miradi mingi ya michezo niliyopata kuisoma huanza na mfadhili aliyekuja na mipira, kisha jamii ikaitwa kushukuru.

Busara yao inaonekana hata katika michezo iliyochaguliwa. Mbio zipo, za mita 200, 800 na 5,000, lakini rungu hurushwa kwa shabaha, na mkuki hurushwa kwa umbali. Katika kuruka juu hakuna kupinda mgongo juu ya ufito na kuangukia godoro. Morani husimama chini ya kamba iliyovutwa, akajinyoosha kama katika ngoma, akaruka kwa miguu yote miwili pamoja, akitafuta kuigusa kamba kwa utosi. Akiigusa, kamba hupandishwa. Rafiki zake wa manyatta moja, yaani kijiji cha morani kinachoshindana kama timu, humwimbia kwa sauti nzito za kooni, naye anaendelea kupaa na kutua mahali pale pale mpaka nguvu zimwishie. Mtu aliyekulia katika mila hiyo hahitaji kuelezwa kinachopimwa pale, maana ni pumzi, mwili na moyo ule ule ambao zamani ulipimwa porini.

Zawadi nayo ilifikiriwa vyema. Washindi hupata medali na fedha, ila manyatta iliyoongoza kwa jumla hukabidhiwa fahali wa mbegu bora. Katika jamii ya wafugaji fahali wa namna hiyo ni faida ya miaka mingi, kwa kuwa ndama wake watatambuliwa malishoni na kila mtu atajua walikotoka. Isitoshe, ushindi wa manyatta humfanya kila kijana awe na deni kwa wenzake. Anayekwenda kuwinda simba kwa siri huiaibisha timu nzima, na wenzake ndio wa kwanza kumkanya. Askari wa wanyamapori hawezi kulala katika kila boma, lakini wanarika wenzake wamo humo usiku na mchana.

Mlezi wa mashindano akawa David Rudisha, na sidhani kama angeweza kupatikana anayefaa zaidi. Agosti 2012 Mmaasai huyo alishinda mbio za mita 800 jijini London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Baba yake, Daniel Rudisha, alikuwa katika timu ya Kenya iliyopata medali ya fedha ya kupokezana vijiti huko Mexico mwaka 1968. Miezi minne baada ya London morani wa Kimana walikuwa wanamwona mtu wa kabila lao, anayesema lugha yao, aliyesifiwa na dunia nzima kwa miguu yake.

Wasichana walipewa mbio za mita 100 na 1,500. Kwangu mimi hilo ni badiliko kubwa kama lile la simba, ingawa husemwa kwa sentensi moja tu katika taarifa nyingi. Katika utaratibu wa zamani msichana alikuwa msifu wa shujaa. Wimbo wake ndio uliokuwa tuzo, na morani wengi walikwenda porini kwa ajili yake. Sasa anasimama mwenyewe kwenye mstari, na kina baba wale wale waliozoea kuwapigia vigelegele wana wao wa kiume wanalitaja jina lake. Katika eneo ambalo wasichana wengi wameozwa kabla ya kumaliza shule, mzazi anayepongezwa hadharani kwa ajili ya binti yake amepata sababu ya kumwangalia kwa jicho jingine. Ningependa michezo ya wasichana iongezwe hadi ilingane na ya wavulana, na fahali ashindaniwe kwa alama za pande zote mbili.

Njia hii haikutumika Amboseli peke yake. Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, alianzisha mwaka 2003 taasisi ya amani na kuandaa mbio huko Pokot Magharibi zilizowakutanisha vijana wa makabila yaliyokuwa yakiibiana ng'ombe kwa bunduki. Yeye naye alianza na wapiganaji wenyewe, akawapa mahali pa kushindana mbele ya macho ya watu wao.

Hata hivyo mchezo una mpaka wake. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu simba 2,589 katika Kenya nzima, na wale wa Amboseli wanahitaji ardhi iliyo wazi ili waishi. Ranchi za jamii zinagawanywa vipande, watu wanauziwa viwanja, na uzio unazidi kuonekana kuzunguka Kimana, ukifunga mapito ya wanyama na ya ng'ombe vilevile. Mashindano yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, ambayo 2020 yaliahirishwa kwa sababu ya uviko, hayawezi kuzuia hati ya ardhi isiuzwe. Kazi yaliyoandaliwa kuifanya ilikuwa kumpa morani heshima bila damu ya simba. Ardhi inawangoja wazee wa ranchi, serikali ya kaunti ya Kajiado na wanunuzi, na vijana waliokwisha kuutunza upande wao wana haki ya kuwauliza wakubwa hao wamefanya nini.