Nilivyofuatilia makopo yangu kwa rangi ya kucha

Mtaani kwetu Tabata ukionekana unaosha chupa tupu za maji, watu wananong'onezana kwamba tayari, jamaa kaanza kuokota makopo. Mimi nimeosha miezi mitatu. Ni ile semina ya mtaa, tukaambiwa plastiki kiroba chake, maganda kiroba chake, nikatii kama mtoto wa chekechea. Siku moja nachungulia getini namwona kijana wa gari la taka anarusha viroba vyangu vyote viwili juu ya utumbo wa samaki wa jirani. Niliumia jamani.

Nikaapa lazima nijue yanakoenda. Mara ya kwanza nikapanda boda, nikamwambia fata lile fuso, kufika Relini dereva kashatushtukia, nadhani alinichukulia bwana afya anayemvizia, akachomoka tukampoteza, buku tatu yangu kwisha habari.

Sasa sikia akili. Nikaiba rangi ya kucha ya wife, nyekundu ile ya harusini, nikapaka kila kifuniko, chupa ishirini na kitu. Siku mbili baadae nikazunguka yadi za skrepa. Ya tatu, loh, kucha zangu hizi hapa!

Mama wa pale alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe vijana wanachambulia juu ya gari huku linatembea, chupa wanashusha kwake njiani, yanayobaki ndo yanafika dampo la Pugu Kinyamwezi, na huko nako kuna waokotaji wanasubiri. Kwake kifuniko kinatolewa sababu ni plastiki nyingine kabisa, vikisagwa vikatiwa majini vipande vya chupa vinazama, vya kifuniko vinaelea. Chupa nyeupe bei nzuri, za rangi chini kidogo. Mifuko laini ya chipsi na vikopo vya mtindi hataki hata kuviona, hivyo ndo vinazikwa Pugu, na mimi nilikuwa navifuta kwa kitambaa!

Halafu kanigombeza: "Baba, wewe ndo unayeniletea chupa zina maji ndani? Mzani unadanganya, nikadhani vijana wananiibia." Miezi mitatu ya kuosha nikaonekana tapeli.

Siku hizi plastiki siweki tena kwenye fuso. Namimina maji yote, nakanyaga chupa, nampa dada anayepita Jumamosi na kiroba chake, anauza mwenyewe kwa kilo. Rangi ya kucha bado nadaiwa.