Jinsi Sajini alivyokubali kwenda kwa daktari, na ushauri wa gunia ulivyonigharimu mayai

Hapa Bombo, Uganda, anayejua zaidi habari za mbwa ni yule asiyefuga mbwa. Nilitaja mara moja tu kwamba mbwa wangu Sajini ananisumbua kwa daktari wa mifugo, ushauri ukamiminika mpaka nikachoka. Mfunge mdomo kwa kamba. Mpe waragi kidogo. Mnyime chakula siku mbili, atalegea mwenyewe. Mmoja, tena mtu mzima mwenye wajukuu, aliniambia nimpe panadol, na paka wa mama watoto nimpe pia, eti wasisikie sindano. Dawa iliyo ndani ya panadol, paracetamol, inaua paka, na wala haihitaji kuwa nyingi. Lakini mtu akishaanza kushauri, nani atamuuliza alisomea wapi?

Sajini ni mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na lingine limeshastaafu. Nyumbani ni askari kamili. Kwa daktari alikuwa anakojoa mlangoni, anatetemeka, mkia umeingia chini ya tumbo, na ukimsogelea anaonyesha meno hata kwangu mimi ninayemlisha. Kuacha chanjo si jambo la kufikiria. Kichaa cha mbwa kikishamwonyesha mtu dalili, karibu kila mara ni kifo, na mimi nina wajukuu wanaocheza na huyu mbwa kutwa nzima. Kwa hiyo kila mwaka lazima twende, apende asipende.

Sasa gunia. Huo ulikuwa ushauri wa jirani yangu Hajji, mtu ninayemheshimu katika mambo yote isipokuwa hili. "Afande," akaniambia, "mnyama asipoona njia haogopi. Mtie kwenye gunia la kahawa, funga, mpakie kwenye boda, mmefika." Gari langu lilikuwa gereji, mahali ambapo hulala zaidi kuliko kwangu. Sajini aliingia kwenye gunia kwa amri moja. Kijana wa boda akamweka katikati yetu, tukaondoka kuelekea Wobulenzi, Hajji amesimama getini kwake anatupungia mkono, ameridhika kabisa.

Mpaka barabara kuu, kimya. Nikaanza kumwazia Hajji mema. Tulipofika kwenye matuta, pale wanapokaa vijana wa rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, gunia likaanza kuzungumza. Kwanza mlio mwembamba. Halafu likavimba upande wa kushoto, likavimba upande wa kulia, na kijana wa boda, ambaye nilikuwa sijamweleza vizuri mzigo ni nini, akapiga kelele, "Mzee, humo ndani kuna nini?" Nikamwambia endesha. Ukatangulia ukucha mmoja, ikafuata pua, na kwenye tuta la pili akatoka mbwa mzima amevaa gunia shingoni, akatua juu ya meza ya chapati. Trei ya mayai ikaenda. Vitunguu vikaenda. Mteja aliyekwisha kulipa aliacha rolex, akaacha na chenji. Sajini alitimka kurudi nyumbani, gunia linapepea mgongoni, mbele ya watu ambao kwa miaka yote wamekuwa wakiniita afande kwa heshima. Nilimkuta chini ya kitanda changu. Mayai nililipa mimi, elfu kumi na kitu, tena yule kijana alinihurumia. Hesabu nikampelekea Hajji, na mpaka leo anajibu kwamba gunia lilikuwa bovu.

Aliyenisaidia ni binti mmoja daktari huko Wobulenzi, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Akamtazama Sajini, akasema, "Mzee, usimlete kuchanjwa. Mlete kusalimia." Nikadhani ananitania. Akanieleza kwamba mbwa akijua mlango ule unaleta maumivu tu, ataupinga maisha yake yote, na kwamba hofu yenyewe inampotosha daktari: moyo unakwenda mbio, joto linapanda, kwa paka hata sukari ya damu inapanda, daktari anatibu ugonjwa ambao haupo. Mwaka wa nyuma, kwingine, Sajini alipimwa joto likaonekana juu, tukaondoka na mfuko wa dawa. Nilipoikumbuka ile bili nilikasirika upya.

Basi tukaanza kusalimia. Shamba langu la mananasi liko upande huo huo, kwa hiyo safari zenyewe hazikuniumiza. Kwanza kwenye gari tu, injini imezimwa, anakula mukene moja moja. Mukene ndio dagaa, kwa wasomaji wa pwani. Kisha injini inanguruma, mukene. Kisha mpaka msikitini na kurudi. Kliniki tulianzia nje, tukahamia mlangoni, kisha juu ya mizani, ambako binti daktari mwenyewe alimpa mukene bila hata kumgusa. Usimlishe mbwa akashiba kabla ya safari. Atatapika garini, na isitoshe mbwa aliyeshiba hanunuliki.

Kilichonipa jina mtaani ni kikombe. Daktari alitaka Sajini avae kifunga mdomo siku ya sindano, na mimi nilijua kamba ni ukatili: mbwa hupoa kwa kuhema, ukimbana mdomo kwenye jua la saa saba unaweza kumuua kwa joto. Kile cha wavu kinamwachia nafasi ya kuhema, hata ya kunywa maji, ila Sajini alikuwa akikiona tu anaingia chini ya kitanda. Nikachukua kikombe kikubwa cha plastiki, nikatoboa matundu kitakoni, nikaweka mukene ndani. Akatumbukiza pua mwenyewe. Kesho yake tena, na tena, kila mara nachelewesha kidogo kumwachia ile mukene ya mwisho. Akawa akiona kikombe anakifuata. Nilipobadilisha nikaweka kile cha wavu, chenye mukene ile ile, akaingiza pua bila hata kunitazama. Kukaza mkanda nyuma ya masikio kulikuja baadaye, polepole. Mama watoto, aliyekuwa ananicheka jikoni, aliacha kucheka akaanza kutafuta kikombe chake.

Siku ya sindano tulikaa garini mpaka tukaitwa. Kule ndani kwenye benchi kuna mbwa wengine, kuna mbuzi analia, na hofu ya mmoja inawaingia wote. Sikumpandisha mezani. Ile meza ya bati inateleza, na mbwa asiyeshika chini hawezi kutulia, kwa hiyo nilikuja na kipande cha zulia lake nikatandika sakafuni. Mama watoto alikuwa amepaka siagi ya karanga kwenye mfuniko wa sufuria, ile ya kusaga mwenyewe, kwa sababu baadhi ya hizi za dukani zina zailitoli, sukari ya bandia ambayo ni sumu kwa mbwa. Mfuniko wenyewe ulikuwa na kazi moja tu, na wakati analamba, daktari alikaa ubavuni kwake, hakumwinamia, akabana ngozi ya shingo, akachoma. Sajini akaendelea kulamba. Nikauliza, "Daktari, unaanza lini?" Akanionyesha bomba tupu.

Siku hizi naona mambo ambayo zamani sikuyaona. Mbwa akilamba midomo wakati hakuna chakula, akipiga miayo wakati hana usingizi, akikutazama kwa pembe huku weupe wa jicho unaonekana, huyo anakuomba usimame. Ukimkaripia kwa sababu amenguruma, atajifunza kutotoa sauti na kung'ata moja kwa moja. Na kuna mbwa ambao mukene haitawatosha. Hao daktari anaweza kuwaandikia dawa ya kutuliza ya kupewa nyumbani kabla ya kuondoka, kwa uzito wao. Kwa daktari, nimesema, si kwa Hajji.

Paka alikuwa rahisi, ingawa mama watoto atabisha. Tenga la kuku tulilisugua, tukaliweka sebuleni na kanga yake kuukuu ndani, paka akalifanya kitanda. Siku ya safari tulilifunika kwa kanga nyingine asione njia. (Hapo Hajji atasema ndiyo hoja yake ile ile. Siyo. Paka aliingia mwenyewe.) Kliniki weka tenga juu ya kiti, usiliweke sakafuni penye pua za mbwa, na mwambie daktari amchome akiwa humo humo ndani.

Kimebaki kitu kimoja tu, kipimajoto, kwa sababu ya mahali kinapoingizwa. Hapo Sajini bado anageuka kunitazama kwa lawama, mukene au la, na binti daktari anasema hata yeye hana dawa ya hilo.