Herufi ya tatu ya Dirac

Nina daftari moja ambalo upande wa kushoto nimeandika majina, Newton, Kant, Darwin, Ibn Sina, Curie, Dirac na wengine wengi tu, na upande wa kulia herufi nne nne kwa penseli, INTJ, INTP, ENTP, na nyingi zimefutwa zikaandikwa tena mpaka karatasi imechakaa. Nilianza siku nilipofanya ile testi ya haiba kwa mara ya kwanza, ile ya Myers-Briggs yenye aina 16, ambapo I au E ni introvati (wa ndani) au ekstrovati (wa nje), N au S ni wa mawazo au wa vitu anavyoviona, T au F ni wa kufikiri au wa kuhisi, J au P ni wa kupenda mpangilio au wa kuacha mambo wazi, nikaambiwa mi ni introvati anayetanguliza kufikiri, na kilichonifurahisha hata si yale maelezo, ni ile orodha ya watu maarufu waliowekwa pale chini, yaani nikajikuta niko kundi moja na Newton. Nilikuwa na miaka 19 na nilikuwa mkimya kiasi cha watu kunionea huruma, kwa hiyo kuona kwamba kuna mkimya mwingine aliyetupa sheria za mwendo, dah, ilinigusa kwelikweli.

Sasa miaka imepita, nimesoma maisha ya hawa watu kidogo kidogo, na kadiri ninavyosoma ndivyo zile herufi zinavyozidi kunisumbua. Ukizunguka mtandaoni utakuta karibu kila mwanafizikia ni INTP au INTJ, na wanafalsafa nao hivyohivyo. Nimefikiria sana kwa nini, na naona tatizo ni kwamba watu wanaikisia kazi, hawamkisii mtu. Mtu kaandika kitabu kigumu, basi ni introvati. Kagundua nadharia, basi hana hisia. Hapo hujamkisia Newton, umekisia kitabu chake.

Chukua Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani. Kila mtu anamjua kama saa inayotembea: mtumishi wake Lampe anamwamsha saa kumi na moja alfajiri, anaandika, anafundisha, anatoka kutembea wakati uleule kila siku, na maisha yake yote hakutoka mbali na Königsberg alikozaliwa 1724. INTJ, mjadala umefungwa. Lakini huyuhuyu Kant hakupenda kabisa kula peke yake, alikuwa anaalika wageni wa chakula cha mchana na kanuni yake ilikuwa wasipungue watatu wala wasizidi tisa, na mazungumzo yanaweza kwenda masaa. Akiwa kijana alikuwa mwalimu mtanashati, anavaa vizuri, anacheza biliadi na karata, watu wanampenda kwenye mikusanyiko. Ile ratiba ya chuma ilimjia akiwa mtu mzima, na wanaoandika maisha yake wanaihusisha na urafiki wake na mfanyabiashara mmoja Mwingereza, Joseph Green, ambaye ndiye hasa aliyekuwa mtu wa dakika. Hebu fikiria hilo, ile sifa tunayoiita Kant mwenyewe, kumbe kwa sehemu aliipata kwa rafiki! Hapo herufi ya mwisho, ile ya kupenda mpangilio, unampa nani, Kant wa miaka 30 au Kant wa miaka 60?

Na kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Huu mchezo haukuanza na intaneti. Carl Jung mwenyewe, yule daktari wa Uswisi ambaye maneno introvati na ekstrovati yameenea kupitia kitabu chake cha 1921, alikisia kama sisi tu. Akamtaja Kant kama mfano wa fikra ya introvati, sawa, halafu upande wa ekstrovati akamweka Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi ya viumbe. Darwin! Mtu aliyehamia kijijini Down 1842 akajifungia na familia yake, anayeumwa tumbo na kutapika, mazungumzo ya nusu saa na mgeni yanaweza kumharibia usiku mzima. Mara ya kwanza kusoma hilo nilidhani Jung kachanganya majina.

Hakuchanganya. Jung hakuwa anauliza kama unapenda sherehe, alikuwa anauliza fikra yako inapata wapi chakula chake, nje kwenye vitu au ndani kwenye mawazo. Ukimwangalia Darwin kwa jicho hilo unaona kabisa, mtu huyu hawezi kufikiri bila kitu mkononi. Miaka mitano kwenye meli ya Beagle, 1831 hadi 1836, anaokota kila kinachookoteka. Halafu miaka 8 nzima anachunguza vile viumbe vidogo vyenye magamba vinavyoganda kwenye miamba na chini ya meli, kimoja baada ya kingine. Akafuga njiwa, akajiunga na vilabu vya wafuga njiwa London akakaa na watu ambao mabingwa wengine wa sayansi wasingewapa hata salamu, na barua alizoandikiana na watu ni maelfu kwa maelfu, wakulima, wafugaji, mabaharia, anauliza tu, anauliza tu. Kwa hiyo ana mwili wa mtu wa kujificha na akili inayoishi nje. Testi ya leo ingempa I bila kusita na Jung anampa E, na mi naona wote wawili wameona kitu cha kweli, ila ni vitu viwili tofauti vilivyopewa neno moja.

Na ndio, najua testi yenyewe ina matatizo. Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers walioitengeneza Marekani hawakuwa wanasaikolojia wa kusomea, na shida kubwa ni kwamba inakata watu katikati wakati watu wengi wako hapohapo katikati, kwa hiyo ukirudia baada ya muda unaweza kutoka mtu mwingine. Mi nimetoka I mara moja na E mara moja ndani ya mwaka mmoja. Halafu kuna lile jaribio la Bertram Forer la 1948, aliwapa wanafunzi wake maelezo ya haiba, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, wakayapa alama kwa wastani 4.26 kati ya 5 kwa jinsi yanavyowafaa, kumbe wote walipewa karatasi ileile. Nalikumbuka hilo kila ninapojisikia eti nimemwelewa Newton.

Newton huyo sasa. Baba yake alikufa kabla hajazaliwa, mama akaolewa tena akamwacha kwa bibi akiwa na miaka mitatu, akakua mtu wa peke yake kabisa, anakaa na jambo miaka bila kulichapisha. Mpaka hapo INTJ wangu yuko salama. Lakini 1696, akiwa na zaidi ya miaka 50, anaacha Cambridge anaenda kusimamia kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu London, na badala ya kukaa ofisini anaanza kuwawinda watengeneza sarafu bandia, anatumia wapelelezi, anahoji wafungwa, anajenga kesi mpaka mmoja wao, William Chaloner, ananyongwa 1699. Baadaye anaongoza Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, zaidi ya miaka 20, na anaiongoza kwa mkono wa chuma. Nilipoyasoma haya niliumia kidogo, nisiseme uongo, maana yule mkimya wangu mpole niliyemtegemea nikiwa na miaka 19 hakuwahi kuwepo. Alikuwepo mtu mwingine, mwenye chuki za muda mrefu na nguvu ya kutisha ya kukamilisha jambo, na huyo ndiye aliyeandika Principia, kile kitabu cha sheria za mwendo. Herufi nilimwachia zilezile, ila kile nilichokuwa nakitafuta kwake hakikuwemo.

Kwa Marie Curie, yule mwanasayansi wa mionzi, nakubaliana na wengi, I bila shaka, alikuwa anachoshwa na umati na sifa. Ila vita vya 1914 vilipoanza alipanga magari yenye mashine za eksirei, akajifunza kuendesha, akaenda nayo karibu na mstari wa mbele pamoja na binti yake Irène aliyekuwa na miaka 17 tu. Hapa wale wa testi wana jibu zuri na nawapa haki yao, wanasema herufi ni kama mkono unaoandikia, mkono wa pili haujakatwa, upo, ukilazimika utautumia. Nzuri. Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mi nimemwacha wazi kabisa, hakuandika hata mstari, tunaye wa Plato, tunaye wa Xenophon na tunaye wa kuchekwa wa Aristophanes, na hawa watatu hawawezi kupata herufi sawa.

Ibn Sina, yule daktari na mwanafalsafa, ndiye ninayempenda zaidi kumkisia kwa sababu alisimulia maisha yake mwenyewe. Mchana waziri anayeshughulika na siasa za watawala, usiku wanafunzi wamemzunguka wanasoma vitabu vyake kwa zamu, wakimaliza wanakuja waimbaji na vinywaji vinatoka. ENTP, nikasema, mtu wa watu, akili inayowaka ikipata watu wa kuzungumza nao. Lakini kuna kile kisa chake cha ujanani, alisoma kitabu cha Aristotle cha metafizikia mara 40 mpaka akakihifadhi bila kukielewa, akakata tamaa, halafu siku moja sokoni mtu akamng'ang'aniza anunue kijitabu kwa dirham 3, kumbe ni cha Farabi, mwanafalsafa aliyemtangulia, anaeleza hichohicho. Akakimbia nyumbani, akasoma, kila kitu kikafunguka, na kesho yake akatoa sadaka nyingi kwa maskini kumshukuru Mungu. Mara 40! Peke yake, kijana, na kitabu kisichomjibu. Na furaha ya kuelewa inamtoka kama sadaka. Sasa hapo niambie, huyo ni wa kufikiri au wa kuhisi? Nimekuja kuamini kwamba ile herufi ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote kwa watu wa elimu, maana tunawapa T kwa sababu tu walihesabu, wakati hakuna mtu anayerudia kitabu mara 40 kwa mantiki peke yake. Darwin naye, ambaye 1838 aliandika karatasi yenye safu mbili, kuoa na kutokuoa, akapima faida na hasara kama mfanyabiashara, ndiye aliyeandika kumbukumbu ya binti yake Annie aliyekufa 1851 akiwa na miaka 10, na huwezi kumaliza kuisoma ukiwa mkavu.

Siku hizi kabla sijaandika herufi natafuta kwanza jambo moja kwenye maisha ya mtu linaloivunja. Nisipolipata najua bado sijasoma vya kutosha. Sitaki ugunduzi wake wala zile nukuu zinazozunguka mitandaoni, ambazo nusu hawakuzisema, nataka barua, nataka alikuwa anafanya nini akichoka, nani alikuwa anakula naye.

Na aliyenifundisha hivyo ni Paul Dirac, mwanafizikia wa Uingereza. Huyu alikuwa mkimya kuliko wote, wenzake Cambridge walibuni kipimo cha usemaji wakakiita dirac, sawa na neno moja kwa saa. Aliposhinda Nobel 1933 alitaka kuikataa kwa kuogopa kelele, mpaka mwanafizikia mwenzake Rutherford akamwambia ukiikataa ndio kelele zitazidi. Nikaandika INTP haraka haraka, T nikaikandamiza kabisa. Halafu nikasoma maneno yake mwenyewe kuhusu utoto wake Bristol: baba yake alimtaka aongee naye Kifaransa tu mezani, na mtoto akaona Kifaransa chake hakitoshi kusema anachotaka, basi akanyamaza.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwa siku mbili. Mi mwenyewe nilinyamaza darasa la tano, nilipohamia shule mpya na lafudhi yangu ikawa kichekesho cha darasa, na miaka yote baadaye watu wakaniita mpole kwa asili, na mi nikaamini, na testi ikathibitisha. Sijui kama kuna testi inayoweza kutofautisha mtu aliyezaliwa mkimya na mtu aliyenyamazishwa, maswali yote yanauliza unapenda nini, hakuna linalouliza tangu lini.

1937 Dirac alimwoa Margit, dada wa mwanafizikia Wigner, mwanamke msemaji, mchangamfu. Kabla hawajaoana alikuwa anamlalamikia kwamba kwenye barua zake hajibu maswali, basi Dirac akakaa chini akachora jedwali, safu moja maswali yake yote kwa mpangilio, safu nyingine majibu, akamtumia. Zamani ningekupa hilo jedwali kama ushahidi wa T. Sasa naona mtu anayejibu kila swali, hata moja hakuruka, kwa lugha pekee ambayo haikuwahi kumfungia mlango. Na baada ya harusi alimwandikia kwamba amemfanya awe binadamu. Kwenye daftari langu sasa hivi pameandikwa IN, nafasi wazi, P.