Shemeji na yule mashoto

"Huyu ni mashoto, siyo?"

Akakirudisha kisanamu mezani, akaendelea kutafuta chaja yake. Tangu Jumapili sijatulia. Bosi mpya ameripoti, idara yetu imehamishiwa ghorofa ya chini, mdogo wangu amepata ile kazi. Yote yamepita, swali la shemeji limegoma kupita.

Shemeji mnamjua. Ndiye aliyekikalia kile kisanamu changu cha mpiga upinde. Visanamu ninavyovipaka rangi hajawahi kuvitazama, labda kuuliza tu kama rangi imekauka.

Na kweli ni mashoto. Sikumwambia mtu. Glavu zote mbili nilizipaka kahawia iliyokolea, nikadonadona kahawia nyepesi juu yake. Ya kulia nikaiacha karibu mpya. Ya kushoto nikaipauza kwenye kingo na vifundo vya vidole, maana hapo ndipo ngozi husuguka ikapoteza rangi. Kiganjani nikafanya kinyume: rangi nyembamba ya giza, kisha tone la vanishi ya kung'aa, kwa sababu ngozi inayoshikwa kila siku hunywa mafuta ya mkono. Wengi hupauza kila mahali wakadhani ndio uchakavu. Hapana jamani. Hata mikwaruzo, kila mmoja una mstari wa giza juu na wa mwanga chini, kwa kuwa mwanga hutoka juu. Yote hayo kwa mtu wa milimita 28!

Nikamuuliza, "Umejuaje?"

"Si anaonekana."

Basi. Anaonekana wapi? Hadi juzi nilikuwa na furaha ya kijinga. Jana usiku nikakumbuka ala ya upanga wake: inaning'inia ubavu wa kulia. Pengine aliona hiyo tu, glavu hata hakuzitupia jicho. Naam, askari wa kawaida wa Roma walivaa upanga kulia na kuuchomoa kwa mkono huohuo wa kulia, kwa hiyo ala peke yake haithibitishi kitu. Lakini shemeji atayajulia wapi hayo? Na kumuuliza tena siwezi. Nitaonekana naomba sifa, na ndicho ninachoomba.

Mama amepiga simu leo mchana, anataka kujua mdogo wangu atajibiwa lini kuhusu kazi. Habari kwamba ameipata tulipewa na mama mwenyewe. Dada anasema ni uchovu tu. Nimemwomba ampeleke kliniki wiki ijayo, bado hajanijibu.