Siku moja na shata ya kamera, Unguja

Saa 12 asubuhi. Niko Malindi, wavuvi wanashusha samaki. Mwanga hafifu, na dalali wa mnada hatulii. Shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, naiweka 1/250 ya sekunde na siishushi. Kila ukiiongeza kasi mara mbili, mwanga unaoingia unapungua nusu, kwa hiyo napandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 3200. Picha yenye chengachenga naikubali. Uso uliotikisika hakuna programu itakayoutuliza.

Saa 3, Darajani. Sasa naishusha kwa makusudi, 1/30. Namfuata mwenye baiskeli kwa lenzi, nageuza kiuno naye, nabonyeza, naendelea kugeuka. Yeye anabaki wazi, maduka nyuma yake yanakuwa michirizi. Nyingi zinaharibika, lakini ikitoka moja utaona kweli mtu ana safari.

Saa 6 mchana nina kazi ya dukani, chini ya taa za tyubu. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko taa hizo hupepesa mara mbili, jumla mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/500 unaweza kupata mabaka ya giza. Natumia 1/100, mwanga unakaa sawa.

Saa 11 jioni, Forodhani, kwenye makachu, mchezo wa kuruka baharini. Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Vijana wanakuja mbio, wanaruka ukutani, wanajipindua hewani, baharini chubwi! "Dada, nipige mimi!" Mwili unaoanguka mita 6 kwa sekunde husogea sentimita 10 ndani ya 1/60, ndani ya 1/1000 ni milimita 6 tu. Ndiyo maana nakaa 1/1600: vidole vya miguu vinaonekana, na matone yanayoruka kwenye nywele yanahesabika. Nikiwa na mwanga mchache nasubiri kileleni, pale mwili umemaliza kupanda na haujaanza kushuka. Hapo hata 1/250 inatosha. Lakini lazima umsome mrukaji, ujue anaruka vipi, maana ukibonyeza baada ya kumwona kileleni umeshachelewa.

Saa 2 usiku, hapo hapo bustanini. Kamera juu ya stendi, mbele yangu muuza juisi ya miwa anazungusha gurudumu la mashine. Kwa 1/500 gurudumu linaganda, utadhani mashine imeharibika. Namwomba, "Kaka, zungusha, ila kichwa usitikise." Nashusha hadi 1/8: gurudumu linakuwa duara la ukungu, mkono wake unafifia, uso umetulia. Hiyo ndiyo naituma kwa mteja.