Kigingi kimeng'oka

Asubuhi ya leo, hapa Iowa, Marekani, nimekuta mtego wangu mmoja haupo.

Niliutega kijitoni kwa ajili ya minki, mnyama mdogo wa kando ya maji anayewindwa kwa manyoya yake, ambaye kwa kawaida hafiki kilo 2, nikaufunga kwenye kigingi kifupi nilichokipigilia katika tope laini, bila kukumbuka kwamba rakuni, mnyama mwenye alama nyeusi usoni kama barakoa, aliye mzito na mwenye nguvu kumshinda minki mara kadhaa, hupita ukingo uleule.

Limebaki tundu lililojaa maji, na kando yake nyayo zinazofanana na viganja vya mtoto mchanga.

Nimemtafuta rakuni huyo hadi saa nne. Mtego si hasara kubwa. Kinachoniuma ni mnyama anayeburuta chuma changu nisikokujua.

Mitego iliyobaki nimeifunga kwa waya kwenye magunia ya mawe, nikayazamisha penye kina.

Wenzangu mnaotega, kwenye tope mnatumia nanga gani?